Likizo Yako ya Kaseti

Rono rafiki yangu,

Kwanza nikuchome roho kidogo: kiti chako pale redioni nimepewa mimi. Ndiyo, mimi Kamau, fundi wa mitambo niliyeacha shule darasa la saba. Kuanzia Litein mpaka Sotik watu wanaamka na sauti yangu. Wachuma chai wananipungia mikono, na meneja ananiita mkubwa. Bahati ikikupenda ni hivyo, bwana.

Sasa nikugombeze. Nani alikuambia ukubali likizo ya wizi namna ile? Karani akienda likizo, anaenda. Lakini mtangazaji wa asubuhi anafungiwa studio kwanza, anarekodi vipindi kumi na viwili mfululizo, ili wenye matangazo ya sabuni wasijue ametoka. Na wewe ulicheka tu! Mimi nabonyeza mashine, wewe unaanza kila kaseti na ile yako: "Mama, weka chai, nimefika!"

Siku ya nne ya hiyo likizo, mapafu yakakumaliza pale hospitali ya Kaplong. Nilikimbia kwa meneja nikilia kama mtoto. Unajua alisema nini, yule fisi mwenye tai?

"Kaseti zimebaki nane. Zikiisha, ndio amekufa."

Jumamosi tulikuwa kwenu Sigor, jeneza liko uani, redio ya jirani ikafunguka: "Mama, weka chai, nimefika!" Mama yako akasimama. Akaingia jikoni, akawasha moto, akabandika sufuria ya maziwa. Wazee walipomwita aje atupe udongo kaburini, akasema, "Ngojeni. Kwani hamjamsikia?"

Tulikuzika yeye akiwa jikoni, Rono. Jikoni.

Kesho yake ukaongea tena, akaweka kikombe tena. Kila asubuhi. Mtu akienda kumpa pole anafukuzwa: mtoto wangu yuko likizo, amesema mwenyewe.

Nikasema potelea mbali. Jumatano nilifunga studio kwa ndani, nikachomoa kaseti yako, nikashika maikrofoni. Mimi wa kelele nyingi, ulimi ukawa mzito kama ugali wa jana. "Mama, huyu ni Kamau. Rono tulimzika. Zile ni kaseti, mimi ndiye niliyerekodi. Nisamehe, Mama. Sasa ulie." Meneja alipiga mlango mpaka bawaba zikalegea. Apige tu, shetani yule. Jirani yenu anasema mama aliepua sufuria, akatembea mpaka kwa kaburi, akalia hadi ng'ombe wakarudi.

Haya, pumzika, mjinga wangu. Sasa hiyo ndiyo likizo, hakuna wa kukurekodi. Kaseti zako nimeiba zote, ziko chini ya kitanda. Siku mama akitaka kukusikia nitampelekea. Na kila Jumapili nitaenda Sigor kunywa kile kikombe chako, hata kama chai yake inanuka moshi, nawe unajua inanuka.

Kuhusu kile kiti, wamempa mtu mwingine. Mimi nilifutwa kazi Jumatano ileile, hata kabla ya taarifa ya saa moja. Nilikudanganya.

Kamau