Vitambaa vya Mama na Kompyuta ya Hamphrey

Lituhi, 4 Mei 2024

Mwanangu Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Mbinga? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Kondakta wa basi atakupa usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu.

Kompyuta ya marehemu mdogo wako, ile iliyotolewa nzima kwenye lori la ajali, inanitesa. Nimeipata sauti aliyonirekodia. Nusu saa anasimulia kazi yake ya kupima malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, halafu anasema, "Mama, mwambie Joakim..." Inazima. Kioo cheusi. Mara nne sasa, palepale. Naogopa, mwanangu. Marehemu hakatizwi kauli bure. Wewe ndiye fundi, nifanyeje?

Mama yako, Kunigunda

Mbinga, 11 Mei

Mama, shikamoo. Sisi hatujambo, na usipa tumeula siku hiyohiyo. Hiyo ni betri tu. Usiiwashe tena. Mpe kondakta aniletee, nitaitengeneza hapa kibandani kwangu.

Mwanao, Joakim

Lituhi, 19 Mei

Mwanangu,

Salamu. Kitu cha Hamphrey hakipandi basi bila mimi. Nimeichaji siku nzima, inazima vilevile. Na usidhani naitunza vibaya! Nimeilaza juu ya mto, chini nimeitandikia kitambaa nilichofuma mwenyewe, na kingine nimeifunikia nyuma, kama nilivyoifunika redio ya baba yenu. Ikizima nikiigusa ina homa.

Misa ya mwaka wake ni Jumapili, tarehe 16 Juni. Nataka kabla ya hapo niwe nimelisikia neno lake. Na wewe, mbona tangu mazishi hujakanyaga nyumbani?

Mama yako

Mbinga, 8 Juni

Mama, shikamoo.

Nimekaa na barua yako karibu wiki tatu. Hakuna mzimu, mama. Ni vitambaa. Mashine ile inapumulia chini na nyuma. Ukiiziba inachemka, na ikichemka inajizima yenyewe isiungue. Iache ipoe, iweke juu ya meza tupu, fungua dirisha. Itasema mpaka mwisho.

Nilijua hivyo siku ileile niliyoisoma barua yako. Nilinyamaza kwa sababu mimi naiogopa kauli hiyo kuliko wewe. Msibani nilisema sikumwona Hamphrey siku ile ya ajali. Nilimwona. Alikuja na hiyo kompyuta, feni imejaa vumbi la makaa, mara ya tatu. Nikamwambia, "Rudi kesho." Akadandia lori kurudi Ngaka, lile lililopinduka. Hadi leo nikimwambia mteja kesho, namwona Hamphrey anageuka pale mlangoni.

Sasa sikiliza, mama.

Joakim

Lituhi, 12 Juni

Joakim,

Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota. Mwaka mzima umenidanganya, na mbele ya kaburi. Nimekukasirikia sana, sikufichi.

Leo asubuhi nimeondoa vitambaa. Nimeiweka kwenye meza ya jikoni, nikafungua dirisha. Haikuzima. Amesema: "Mama, mwambie Joakim kesho naenda tena kwake. Na safari hii akiniambia nirudi kesho, nalala palepale mlangoni." Halafu anacheka mpaka anakohoa.

Yeye hakuwa na kinyongo. Kinyongo ninacho mimi, nacho hakitaisha kwa barua. Njoo kwenye misa. Njoo na bisibisi zako, umsafishie mdogo wako hilo vumbi. Wala usiniambie kesho.

Mama yenu