Magoti ya Ta Ildefons

Jumatano, 10 Septemba 2025
Basi nimeshaingia, kutoka siwezi. Felicitas, mwongozaji wetu, kanipa Mama wa Mfalme katika zile tamthilia tatu za marehemu Mwalimu Mushumbusi – siku tatu, mashairi matupu, zilichezwa mara moja tu, 1974. Mimi nilidhani nitapiga vigelegele nyuma huko. Na Katikiro, waziri wa mfalme, ni nani? Ta Ildefons. Baba mkwe wangu! Nusu ya daftari la tamthilia hizo imeliwa na mchwa, na ni yeye tu aliyecheza wakati ule na bado ana maneno yote kichwani.

Jumapili, 14 Septemba
Mazoezi ukumbini Bilele, sehemu ya pili. Katikiro anapiga magoti mbele yangu, anaungama kwamba alinyamaza mwanangu, yaani mfalme, aliponyang'anywa nchi. Mbele yangu mimi! Kila asubuhi kule nyumbani Kaagya mimi ndiye ninayepiga magoti kumwamkia. Nikamwambia Felicitas anitoe. Akauliza, nani atajifunza beti mia mbili kwa siku kumi na mbili? Baba mkwe naye akasema taratibu: hapa mimi ni Katikiro, mwanangu, simama wima. Nikasimama.

Alhamisi, 25 Septemba
Shemeji Josia kaja anapima kibanja, shamba letu la migomba, kwa hatua, mgomba hadi mgomba, kana kwamba mimi sipo. Kikao cha ukoo ni Jumatatu. Anasema mume wangu Clavery hakuacha mtoto, kwa hiyo kibanja kirudi kwao. Lakini baba mkwe alitupatia mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ya harusi! Tangu tumzike Clavery, miaka miwili, nangoja aseme hilo tu. Leo alikuwa kibarazani, anasikia kila kitu. Akaomba tu rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikampelekea, nikitamani kuimwaga.

Jumamosi, 27 Septemba
Sehemu ya pili imepita. Watu hadi madirishani. Baba mkwe alipiga magoti, akaungama, na yale machozi hayakuwa ya kuigiza. Pazia likafungwa akiwa chini. Kesho inaanzia hapohapo, nami natakiwa kusema: Inuka, nimekusamehe.
Navua lubugo, lile vazi la gome la mti, kanifuata. Hakunitazama. Kesho usiniambie niinuke kama haitoki moyoni, akasema. Nikamuuliza, na Jumatatu je? Akajibu kwamba Josia ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Akaenda zake. Ndilo jibu hilo! Nina hasira hadi mwandiko umepinda.

Jumapili, 28 Septemba
Nyuma ya jukwaa. Ameshapiga magoti, anasubiri pazia. Miaka sabini na sita, sakafu ya saruji. Aliyeandika haya hakuacha njia nyingine: Katikiro haruhusiwi kuinuka mpaka aambiwe.
Nikisema, nitakuwa nimemsamehe mbele ya ukumbi mzima jambo ambalo hajaacha kulifanya. Josia kakaa mstari wa mbele. Nisiposema, baba mkwe abaki chini watu wakimwona – na kesho mimi nilale wapi?
Nimengoja neno lake miaka miwili. Leo yeye anangoja langu.
Ngoma. Felicitas ananiita kwa mkono. Pazia linafunguka, goti lake la kushoto linatetemeka, na kalamu bado iko mkononi –