Nyumba ya Saadi, Mtaa wa Stesheni

Nachingwea,
Agosti 1955

Kwa kaka yangu Mbaruku bin Isihaka, Chunyu, Ruangwa.

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikiomba barua hii ikukute mzima wewe, wifi na watoto. Nipe habari za Mama. Je, goti lake limepoa, au bado anakwenda shambani peke yake hata mkimkataza? Mimi mwili wangu hauna neno. Ufuta wa huku umevunwa, mihogo inatosha, na maji ya bomba yanatoka siku nyingi kuliko mwaka jana.

Utaona mwandiko huu si ule uliouzoea. Barua zangu zote za nyuma niliandikiwa na mzee mmoja wa sokoni, na mambo yanayoandikwa na mtu wa sokoni ni yale tu ambayo soko lote linaweza kuyasikia. Hii naiandika kwa mkono wangu. Aliyenifundisha ni Magreti, yule mpangaji wangu niliyekutajia, mke wa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, kabla mumewe hajahamishiwa Masasi. Herufi zangu zinapanda na kushuka, unisamehe. Nakuomba pia uisome peke yako mpaka mwisho, ndipo umsomee Mama.

Maneno yako niliyapata. Unauliza kwa nini nateseka na kodi ya nyumba mwaka baada ya mwaka, na hali wajane husamehewa. Unasema mume aliyeondoka na kukaa kimya namna ile ni sawa na aliyekufa, kwa hiyo nisimame barazani niseme nimefiwa, jina lake lifutwe kwenye daftari la kodi. Au niezue bati nilete Chunyu, unijengee chumba karibu na Mama. Najua umeyasema kwa kunihurumia. Lakini ninyi wa shamba hamjui jinsi kodi ya mjini inavyokwenda, na mimi sikuwahi kukueleza. Ngoja nikueleze.

Kila mwaka, baada ya mvua kuisha, karani wa ofisi ya mji hupita mtaani na kamba yake ya kupimia. Hupima upana na urefu, hugonga ukuta kwa kidole ajue ni udongo au tofali, huangalia sakafu, kisha hurudi nyuma barabarani na kutazama juu. Paa ndilo linalokumaliza. Nyumba ya nyasi hulipa kidogo, ya bati hulipa zaidi, na yenye bati pamoja na sakafu ya saruji kama yetu huwekwa daraja la juu. Hawaulizi wamo watu wangapi. Awe ndani mtu mmoja au ukoo mzima, kodi ni ileile. Fedha hiyo, wanasema, ndiyo inayoleta bomba na kumlipa mfagiaji wa soko, na siwezi kusema ni uongo, maana maji nayanywa. Baadaye tunaitwa barazani. Karani husoma majina ya wenye nyumba kwa sauti, mmoja mmoja, na mwenye jina husimama. Ukiona umewekwa daraja lisilo lako, hapo ndipo pa kusema. Ukinyamaza, umekubali, na ukishindwa kulipa mpaka msimu wa korosho upite, anakuja askari kutazama una nini cha kuchukua.

Ila nyumba isiyo na paa haitozwi. Hilo ndilo lililoua mtaa wetu, Kaka. Ulipokuja kututembelea wakati wa mashamba ya karanga uliona mwenyewe: matrekta, taa, watu kutoka kila upande, Wamakonde, Wayao, Wamakua kutoka Msumbiji, kila mtu anajenga. Mume wangu Saadi alikuwa dereva wa trekta na alijenga kama mtu atakayeishi milele hapa. Karanga zilipokufa, watu wakaanza kuondoka, na kila aliyeondoka aliezua bati lake, akalifunga, akalipeleka stesheni. Kuta wakaziacha. Sasa upande wetu wa barabara nyumba yenye paa ni moja tu. Kulia na kushoto ni kuta tupu zenye matundu ya milango bila milango, na ndani yake mipapai imeota. Mvua ikinyesha, mtaa mzima bati linalolia ni la kwangu.

Magreti na mumewe walikuwa wamepanga chumba cha mbele. Jioni tulikuwa tunachambua mchele pamoja, ananisomesha huku anacheka jinsi ninavyoitamka herufi moja. Walipohama, niliendelea kupika chakula cha watu watatu kwa muda, mkono ulikuwa haujajua. Siku hizi nakaanga vitumbua, nauza stesheni treni inapofika, narudi, nafunga mlango. Kuna siku mtu wa mwisho niliyeongea naye ni mnunuzi wa vitumbua, na alichosema ni kwamba vimepungua sukari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nalizunguka.

Mwaka jana, mwezi wa Shabani, alishuka kwenye treni ya kutoka Mtwara mtu ninayemfahamu. Anaitwa Linus, aliendesha trekta pamoja na Saadi, na waliondoka pamoja kwenda kutafuta kazi bandarini. Sikumtambua upesi, alikuwa amekonda. Alikataa kitumbua nilichompa. Akaniomba twende nyumbani kwanza, na njiani nilipomuuliza habari za mwenzake akawa anasema tu, twende, mama, twende ukakae.

Saadi amefariki, Kaka. Aliugua homa, akakaa siku chache kitandani akisema atapona, hakupona. Linus alisema ukimya wake ule wa mwanzo haukuwa wa kunitupa. Kazi ilikuwa ya vibarua, leo ipo kesho haipo, na aliona haya kuandika barua isiyo na kitu ndani yake. Alikuwa akisema atarudi akiwa na mlango mpya wa mbele. Walimzika hukohuko Mtwara.

Linus alitaka kwenda Naipingo kumwambia shemeji yangu Adinani, kaka yake marehemu. Nikamzuia. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Akaniamini, akapanda treni iliyokuwa inarudi.

Sikwenda. Siku za kwanza nilijifungia ndani, majirani wachache wa nyumba za nyasi ng'ambo ya barabara wakadhani naumwa, na mimi nikawaacha wadhani. Eda yangu nimeikaa hivyo, bila mtu kunishika mkono, bila nguo nyeupe, nikitoka kuuza vitumbua kwa sababu kama nisingetoka wangeuliza. Naomba Mungu aipokee kwa namna ilivyokuwa.

Utaniuliza kwa nini. Kwanza nilijiambia ni hofu ya nyumba, kwamba ndugu zake wataigawa na kuliezua bati. Hofu hiyo ilikuwepo. Lakini baraza la mwaka jana lilikuja wiki chache baadaye, na nilikwenda nikiwa nimeazimia kusema, maana kwa kusema ningesamehewa kodi. Karani akasoma majina. Alipofika kwetu akaita, "Saadi bin Shehe." Ni muda mrefu, Kaka, tangu mtu mwingine alitamke jina lile kwa sauti, mbele za watu, kama jina la mtu mwenye nyumba yake. Nikasimama. Nikasema, "Yuko Mtwara, kazini." Karani akaandika, akaendelea na wengine. Nikarudi nyumbani na kodi ya kulipa, nikauza pete na kitanda cha chumba cha mbele, nikalipa. Cheti cha kodi wakakiandika kwa jina lake. Ndiyo maana barua zako za kunishauri nijitangaze mjane sikuzijibu. Uliniomba niseme uongo ambao ulikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimeshasema kweli ambayo ilikuwa uongo.

Mwaka huu Adinani alikuja barazani. Amenunua nyumba ndogo ya nyasi karibu na soko ili awe na mahali pa kushukia akileta korosho, kwa hiyo naye anaitwa. Alikaa benchi la mbele yangu. Nilimwona kisogo chake, na kisogo kile ni cha Saadi kabisa. Jina lilipoitwa nilisimama na sikuweza kusema yuko kazini. Nikasema, "Mwenye jina hilo amekufa. Mimi ni mkewe." Karani akauliza lini. Nikasema mwaka jana. Watu wakageuka. Adinani hakugeuka. Aliinuka, akatoka nje.

Karani ni mtu mpole. Alisema ugawaji wa mirathi ni kazi ya Liwali, yeye anataka tu jina la mtu anayeishi mle. Akaandika Biasha binti Isihaka, na pembeni akaandika "mjane", akasema basi kodi ya mwaka huu imesamehewa. Nikasema asante. Nilikuwa nimeweza kulipa kodi ya daraja la juu, nikashindwa kulibeba neno lile mpaka mlangoni.

Adinani nilimkuta nyuma ya ofisi, amekaa chini, kofia mkononi. Nilitegemea anitukane, na ningenyamaza. Aliniuliza jambo moja tu, nani alimwosha. Nikamwambia kama nilivyoambiwa na Linus: walimwosha Waislamu wenzake wa bandarini, watu wa Kilwa, na Linus mwenyewe, ingawa ni Mkristo, alisaidia kubeba jeneza mpaka kaburini. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shemeji, umekaa na hili peke yako mwaka mzima?" Nikasema ndiyo. Akasema bati halitaguswa nikiwa hai, na akitokea wa kupinga, yeye Adinani ndiye atakayezungumza naye. Tukarudi mtaani pamoja, yeye mbele mimi nyuma.

Hitima itasomwa Naipingo, Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Nakuomba uje, na umlete Mama kama goti linaruhusu. Usije na lori la kubebea bati. Chunyu nakupenda lakini sirudi, angalau si sasa. Hapa ndipo nilipoolewa kwelikweli, na vyumba vya kuwalaza vipo.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto wote kwa majina yao, na wazee wa jirani wanaonikumbuka. Mama mwambie taratibu, ukiwa umekaa karibu naye. Na akikuuliza nililia kiasi gani, mwambie ukweli: Biasha bado hajalia, anamsubiri yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Biasha binti Isihaka