Mstari wa Kalamu Mguuni

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu, Chiriku wangu, kanitoa jasho sasa hivi. Amekaa mlangoni, kalaza mwiko mapajani, kashika ganda la kapsuli – lile jekundu na jeusi – anaukung'utia mwiko dawa isiyokuwepo. Kisha kaufunga kitambaa. "Tulia, mjukuu wangu, usilie," anauambia.

Nikamuuliza, dawa ya ndani uliimeza? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema Bibi huwa anazipasua, unga anammwagia kwenye kidonda. Maganda anampa achezee.

Kumbe. Tangu ashonwe mguu, siku ile alipojikata na bati la bafuni, hajameza hata moja. Na mimi kila nikirudi kufua nguo za watu namuuliza mama mkwe, amekunywa dawa? Amekunywa. Hata macho hapepesi.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati. Kidonda kina usaha, kinanuka. Mama mkwe akang'ang'ania kuja.

Nesi alifungua bandeji akakuta unga umegandia kwenye nyuzi kama uji uliokauka. Akanigeukia mbele ya foleni nzima: mama, dawa ya kumeza unampaka? Ungeongeza na chumvi basi, tumle kabisa. Watu wakacheka.

Mama mkwe alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Akawa anasoma bango ukutani. Hajui kusoma.

Sikumtaja. Ningemtaja ningelala wapi? Nikasema, samahani nesi, sikujua.

Chiriku alioshwa kidonda akalia mpaka sauti ikakauka, kanishika kidole. Halafu nesi akachukua kalamu ya buluu, akazungusha mstari pale wekundu ulipoishia, chini kidogo ya goti. Wekundu ukivuka hapa, usingoje kukuche, mlete. Ukibaki ndani, anapona. Akanipa dawa nyingine. Hizi anameza, na unampa wewe mwenyewe.

Njiani mama mkwe akasema nesi yule hajazaa, ndiyo maana mkono wake mzito.

Jumatano, 6 Machi

Wekundu uko ndani ya mstari. Hata umerudi nyuma kidogo, upande wa kisigino. Nimefua nikiimba.

Dawa natembea nazo, nimezifunga kwenye pindo la nguo. Asubuhi nampa, jioni nampa, namwambia fungua mdomo nione.

Nilimpigia mume wangu huko anakojenga. Nikamweleza taratibu, bila kumchongea mama yake. Akasema mama amelea saba na wote wana miguu. Nikacheka ili asikasirike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mama mkwe hupenda kusema. Sawa. Humu ndani mzazi ni nani?

Alhamisi, 7 Machi

Nimechelewa kurudi. Nikamkuta Chiriku ameogeshwa, anang'aa, amelala. Mama mkwe akanipokea beseni kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, mwanangu, usiwe na wasiwasi, mguu nimeutazama mwenyewe, wekundu uko ndani ya mstari. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, mjinga mimi.

Nikafungua bandeji nione kwa macho yangu. Kweli, wekundu uko ndani. Ila mstari ni mweusi. Wa nesi ulikuwa wa buluu, na uliishia chini ya goti. Huu umepanda mpaka juu ya goti.

Chiriku akafumbua jicho moja. Bibi alinisugua na sabuni, mama. Alisema nimechorwa kama gunia la mkaa. Halafu akasema mama yako atagomba, akanichora tena.

Mguu wa moto kama pasi. Nimemtuma jirani aniitie pikipiki, na naandika huku nikiingoja. Mume wangu simpigii. Atapona, najua atapona, tumewahi. Lakini safari hii nesi akinigeukia mbele ya watu, sitasema sikujua. Nitamwambia –

Mama mkwe ananiita. Ameshavaa viatu, Chiriku yuko mgongoni kwake, ananiambia fanya haraka, mwanangu, pikipiki imefika, na kule wewe nyamaza tu, nitasema mimi kwamba mstari ulifutika wenyewe.