Kigwe Chako na Karavani ya Ghubra

Ami yangu Khalfan,

Siku ile makaburini nilikutolea salamu ya mbiombio, jua limetukaa utosini na watu wanataka kurudi makwao. Basi salamu yenyewe ndiyo hii. Nimekaa mlangoni petu, juu ya sanduku lako la turubai, na jua linanipiga usoni mpaka karatasi inanimeremeta. Utauliza kivuli cha mlangoni kimekwenda wapi. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo. Ulikuwa ukisema habari zangu zote zinaanzia pale ambapo mie ndiye bingwa. Hii leo sitaianzia hapo, maana ubingwa haumo.

Kwanza nyumbani. Mkeo Bi Thuwaiba hajambo. Yumo edani, tunasemezana kwa nyuma ya pazia la chumba cha kazi, yeye kule na mie huku, na ulimi wake unapita pazia kama sindano. Wiki ya pili baada ya wewe kututoka aliniita akanambia, "Nasor, vyombo vya ami yako nimevifunga kwenye kanga. Yule mshona mahema wa Matrah kashaleta maneno mara mbili, anavitaka vyombo na chumba. Nitolee kazi moja ilokamilika kwa mkono wako, ntakupa wewe. Ukishindwa, ntampa yeye. Sitaki watu waseme Khalfan kafa na mkono wake."

Mie nikacheka. Nikamwambia, Bi Thuwaiba, unazungumza na mtu aliyefika Bombay, Karachi na Aden, aliyeacha darasa la nne kwa hiari yake, mwalimu akabaki na huzuni. Kazi moja tu?

Ami, kuna jambo sijamwambia mtu ila mmoja. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kunikatiza.

Tulipotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, wenzetu walificha dhahabu kwenye mapindo ya nguo. Wewe ulitoka na sindano kumi na moja ndani ya kibati cha biskuti, kile kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani kusukumia sindano, na furushi la vigwe. Mie nilikuonea haya melini. Vigwe, Ami? Watu wamebeba maisha yao, sie tumebeba kamba za kupimia. Ukanijibu, "Namba utaisahau njiani kwa maneno yako mengi. Kigwe hata uropokwe vipi hakipungui."

Na ndivyo ulivyofanya kazi hapa Maskati miaka yote. Ukipewa hema, ukipewa pazia la baraza, unakipitisha kigwe kila pahala nguo itakapopita, unapiga fundo, unakitundika msumarini. Hukutaja futi hata siku moja. Kazi ikishapelekwa kwa mwenyewe, unalifungua fundo, unakiosha kigwe, unakikunja. Ulisema haipendezi kutundika kazi ilokwisha.

Asubuhi uliyotutoka, wale waliokuwa wakikuosha walinitazama mie. Nasor, kachukue kipimo cha kuwapa wachimbaji. Nikakata kigwe kipya. Nikakilaza ubavuni pako, kuanzia utosini mpaka visiginoni, nikaongeza shubiri kama wanavyotaka, nikapiga fundo. Nilikwenda nacho makaburini kwa miguu, kimefumbwa mkononi, sikuzungumza na mtu njia nzima. Mie. Wachimbaji walipomaliza wakanirejeshea, nikakitia mfukoni. Nilipofika nyumbani mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye misumari, ukarudi. Toka siku ile sikugusa kigwe chochote. Nilinunua futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe kama ulimi wa kinyonga, nikasema nakwenda na wakati.

Haya, sasa karavani.

Akaja muhandisi mmoja wa Kizungu wa mambo ya mafuta. Ana nyumba yenye magurudumu, inakokotwa na gari, ameiegesha kwenye mchanga wa Ghubra. Ndani ina kitanda, jiko, meza inayokunjwa ukutani, na choo ambacho nimekiona kwa macho na bado sikiamini. Mkewe anakuja, naye muhandisi anataka kipenu cha turubai upande wa mlango ili bibi apate pa kukaa nje. Alinichukua kwa gari yake. Njia nzima nilimsimulia, kwa Kiingereza changu kilichofika Bombay, jinsi nilivyoshona vipenu vya meli tatu. Unajua na mie najua kwamba ilikuwa meli moja, na nilikuwa nashika ngazi.

Karavani mgongo wake ni wa mviringo kama mkate wa boflo. Ubavuni ina kijifereji chembamba cha bati, kinaanzia chini karibu na mchanga upande wa mbele, kinapanda, kinapita juu ya mgongo, kinateremka nyuma mpaka chini tena. Ukingo wa turubai unashonewa kamba, ile kamba inasukumwa humo ndani ya kijifereji, nguo ikashika. Nilikiona. Hata nilikigusa. Halafu nikafanya kama tunavyopima kipenu cha baraza ya nyumba, pembe kwa pembe. Nyumba ina ukuta ulosimama, ukijua urefu wa juu umejua yote. Nikaivuta futi yangu ya chuma: kumi na mbili. Nikaandika kiganjani kwa penseli, nikanywa chai ya muhandisi, nikarudi nafsi imenona.

Nguo niliikata kwenye lile bunda lako la mwisho, ulilomwekea Bi Thuwaiba chumbani. Jengine halikuwepo. Nilikata vizuri, Ami. Mkasi ulikwenda kama maji.

Siku ya kuvisha, turubai likaingia kwenye kijifereji, nikalivuta, likatambaa juu ya mgongo wa karavani, likaishia pale. Huku mfereji mtupu mpaka mchangani, na huku mtupu. Kama kanzu ya mtoto alorefuka ghafla. Muhandisi akazunguka karavani yake nzima, akawasha kiko, akanambia kwa Kiarabu kibovu kuliko changu, "Zen, lakin gasir." Nzuri, lakini fupi. Nikamwambia nguo ya Maskati hurefuka ikipata joto. Hakucheka. Na mie sikucheka.

Nilirudi nimelibeba begani. Bi Thuwaiba alijua kwa nyayo zangu tu.

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa futi, Bi Thuwaiba."

"Na kigwe?"

Hapo ndipo uongo wangu wote uliponikimbia, na unajua ninao mwingi. Nikamwambia kimo mfukoni mwangu tangu siku ya makaburini. Nikamwambia ni kipimo gani kile, na kwamba nikishika kigwe chochote naona visigino vyako. Nilisikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Literemshe la mlangoni."

Lile turubai la mlangoni, Ami. Ulilolishona wiki ya kwanza tuliyofika hapa, kabla hatujapata hata mkeka, ukasema mtu asiye na kivuli mlangoni bado yumo safarini. Nikasema hapana, lile siligusi. Akasema, "Mie niko ndani bado miezi miwili. Kivuli cha mlangoni nikifanyie nini, nikivae?"

Nikaliteremsha.

Asubuhi nilikwenda Ghubra na furushi la vigwe. Nilianzia chini mchangani, nikakisukuma kigwe kwa kidole ndani ya kijifereji, nikapanda nacho, nikapita mgongoni, nikateremka nacho nyuma. Vigwe vyote nilivyounga vikaishia hewani, panapata urefu wa mtu kufika chini. Nilisimama pale nimeshika ncha, muhandisi ananitazama dirishani. Halafu nikatia mkono mfukoni, nikakitoa chako, nikakiunga. Sitosema kilitosha barabara, utaniita muongo. Kilizidi shubiri mbili.

Nguo niliyoikata ikawa paa. La mlangoni likawa mbavu mbili, moja huku na moja huku, ukingo mmoja mrefu kutoka mchangani mpaka mchangani. Paa ni jeupe, mbavu zina rangi ya chai ya maziwa kwa jua la miaka yote ile. Mshono mmoja aliushona Bi Thuwaiba mwenyewe. Nilikuwa naisukuma nguo chini ya pazia, unatoka mkono, unaivuta, baada ya saa unatoka tena mkono na nguo ishashonwa, na neno moja: "Legeza." Au: "Kaza." Ami, yule mwanamke anakushinda kwa mshono, na nadhani ulikuwa unajua.

Likaingia. Likaingia lote, halikujikunja hata pahala pamoja. Muhandisi alipitisha kidole gumba kwenye mishono yako ya zamani, akauliza hii kashona nani. Unanijua. Mimi ni mtu niliyewahi kudai nimeipanda mwenyewe mikarafuu ya watu. Mdomo ulishafunguka kujibu. Nikasema, "Ami yangu." Basi, sikuongeza.

Jana Alasiri lile furushi la kanga lilipita chini ya pazia. Sindano zote kumi na moja zimo. Ngozi ya kiganja inanibana kidogo, mkono wangu ni mnene kuliko wako. Bi Thuwaiba akasema, "Ukianza kujisifu kabla ya Ijumaa navichukua." Leo Jumatano, naona tabu lakini navumilia. Yule wa Matrah keshapelekewa jibu.

Kazi imekwisha, Ami, imeshakabidhiwa. Vigwe vyengine nimevifungua vyote. Chako nilikibakisha mpaka nimalize ukurasa huu wa mwanzo. Fundo nililipiga siku ile kwa mikono iliyorowa, likakaza kama jiwe, nimelifungua kwa meno. Nimekiosha, kimetandikwa hapa mbele yangu kwenye kizingiti, kinakauka. Kimebaki kigwe tu, cha kazi, kama vyenzake. Nilidhani nitaumia zaidi ya hivi.

Lala, Ami yangu. Mola akupanulie hapo ulipo, pawe papana kuliko nilivyopima mie. Ahadi yangu ni moja, na safari hii sina haja ya kuitia chumvi: kigwe hiki kikikauka, cha kwanza ntakachopima ni mlango huu. Bi Thuwaiba akitoka edani, atatokea kivulini.

Mwana wa nduguyo,
Nasor