Pikipiki Haisikii Kelele

Kiprono mjukuu wangu, salamu ikufikie huko Moi's Bridge. Nyanya yako mzima, na ng'ombe nyekundu imezaa.

Unasema pikipiki imekushinda, unataka kuirudisha. Wacha! Mimi nilikuwa naongoza ng'ombe za plau, hakuna alinipita. Mzungu mwenye shamba akasema nikijua pikipiki nitapeleka krimu ya maziwa stesheni ya reli, nikishindwa nirudi kwa plau. Siku ya kwanza kuiendesha, nilipotaka kusimama nikaipigia kelele, "Haaa! Simama!" kama ng'ombe. Tukaingia kwa mahindi. Wenzangu wakacheka, "Ichape kiboko, bwana!"

Nikakaa juu yake imezimwa, nafinya klachi na mkono, nakanyaga breki na mguu, mpaka mwili ukazoea. Mzungu akasimama katikati ya njia kunipima. Nikaisimamisha karibu na viatu vyake. Akanifungia mkebe wa krimu nyuma.

Keti juu yake leo, usiwashe. Wewe ni damu yangu.

Ni mimi, babu yako.