Mita Kumi na Sita za Stesheni ya Kigwa

Mwanangu Kabula,

Miezi minne imepita tangu homa ile ikuchukue, na mimi sijalia kama inavyotakiwa. Shangazi zako wananitazama, wanaona aibu kuuliza. Napika uji, napeleka asali yangu stesheni, narudi. Mwili unakwenda tu, kama wa kuazima.

Ila kujisifia sijaacha. Hapa Kigwa nani mwingine, tena wa darasa la saba, amefundishwa fizikia na mwanawe? Unakumbuka siku niliyorudi nahema, chupa ya asali bado mkononi, abiria wangu kaondoka na treni mkono kaunyoosha dirishani? Hata pole hukunipa. Ulichukua daftari. Ukasema treni inaanza imesimama, na kila sekunde kasi yake inaongezeka nusu mita kwa sekunde. Mama akijitahidi sana anakimbia mita nne kwa sekunde. Itamzidi mbio baada ya sekunde ngapi? Nane, nikajibu bila kalamu. Na Mama akienda sambamba na dirisha tangu mwanzo, hadi hapo treni imekwenda umbali gani? Nikazidisha nne kwa nane, nikasema mita thelathini na mbili, nikakaa kama mwalimu mkuu.

Ulicheka wewe, ukashika mbavu. "Mama, umeipa treni kasi ya mwisho tangu mwanzo. Si ilianza na sifuri?" Katikati ya sifuri na nne ni mbili, mbili mara nane, kumi na sita. Kesho yake nikaenda kupima kwa hatua ndefu za mita moja kandokando ya reli, treni ilipoondoka nikakimbia nayo. Kweli bwana, hatua ya kumi na saba miguu haifui dafu. Nikawatangazia wauzaji wenzangu wote mwisho wa kukimbilia dirisha ni wapi, na kwamba aliyepiga hesabu ni mtoto wangu. Walichoka kunisikia.

Wiki hii Zuhura, mwenzako wa dawati, amekuja mara tatu kwa ajili ya daftari hilo. Mtihani wao wa kidato cha nne ni Jumatatu. Mara mbili nilimwambia silioni, nalo liko chini ya mto wangu. Wala sikuona haya. Jana akaniamkia, akakaa kizingitini, hakuomba kitu. Akasema, "Mama, hesabu za breki zinanishinda. Kabula ndiye alikuwa ananielekeza."

Nikamwambia alete hesabu yake. Treni ina kasi ya mita ishirini kwa sekunde, inapungua mbili kila sekunde. Itasimama baada ya umbali gani? Sekunde kumi alizipata. Umbali kaandika mita mia mbili. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Umeipa treni kasi ya mwanzo hadi mwisho. Si inaishia na sifuri?" Akafuta. Akaandika mia moja.

Nikainuka nikalitoa daftari. Akauliza alirudishe lini. Nikamjibu asirudishe, akimaliza mtihani ampe wa kidato cha tatu.

Ameondoka nalo. Nilikaa nikingoja kuumia, sikuumia. Nimekuandikia ili ujue lilipo.

Pumzika, mwanangu.

Mimi niliyekuzaa,
Mama yako